Maji ya Mkono wa Hadjara

"Mama Fahima, kama Mungu angekuuliza kabla hajakuumba, ungemujibu akuumbe nini?"

Aliyemuuliza Hadjara hivyo ni Consolée, jirani yake wa ukuta mmoja, asubuhi moja ya kiangazi, miaka miwili iliyopita. Walikuwa kwenye vichanja vya kuanikia ndagala, hapa Rumonge, chini karibu na maji. Wanawake wa vichanja wanapenda maneno ya namna hiyo, maana mikono inageuza samaki wale wadogo yenyewe, inachambua takataka yenyewe, na mdomo unabaki bila kazi.

Anastasie alijibu, ijapokuwa hakuulizwa yeye. "Mimi ningesema niwe mukeke. Samaki ya heshima, mafuta tele, kila mutu ananitamani."

"Wakukaange na kitunguu!"

"Si kitu. Hata sasa bwana yangu ananikaanga kila siku, na kitunguu hakuna."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga sinia. Consolée akasema yeye angekuwa nyange, yule ndege mweupe, asimame juu ya mtumbwi wa watu na ale ndagala ambazo hakuanika. Kisha akarudi kwa Hadjara. "Na wewe, Mama Fahima? Usitukimbie. Sema na wewe."

Hadjara hakuinua kichwa. "Ningemuomba asiniumbe," alisema. "Ningemwambia, Bwana wangu, hii nafasi upatie mwingine."

Alisema taratibu, kama mtu anayekataa chai kwa sababu ameshakunywa nyumbani. Vicheko vikakatika. Consolée, maskini, alitaka kuokoa mambo akasema neno la kwanza lililomjia: "Yoo, sha! Usipozaliwa wewe, sabuni nzuri tungeipata wapi?" Palepale akaziba mdomo na kiganja chake chenye magamba. Wote pale walikuwa wanajua kwamba Hadjara hakupika sabuni tangu miaka mitatu, na walikuwa wanajua sababu. Hadjara akainama tu, akaendelea kugeuza ndagala, sinia hadi sinia, mpaka jua la saa sita.

Basi naandika habari zake, kwa ruhusa yake mwenyewe, kwa ajili ya wamama wenzangu wa darasa la dini la Ijumaa na kwa yeyote atakayesoma.

Hadjara ni mtoto wa hapa. Baba yake, mzee Swedi, Mungu amrehemu, alikuwa seremala, na babu yake alivuka kutoka upande wa Congo zamani za Wabelgiji akabaki. Mama yake, bibi Esha, alikuwa fundi wa sabuni. Hapa kwetu michikichi iko kila mahali, mawese hayakosekani, na kila mtaa una mwanamke anayepika sabuni. Lakini sabuni ya bibi Esha ilikuwa na jina lake. Haikuwasha mikono, haikuyeyuka ikaisha siku mbili. Hadjara alisoma shule mpaka mwaka wa sita, halafu akaingia kwenye kibanda cha mama yake, na mama alipofariki, kibanda kikawa chake.

Asiyejua kazi hiyo nimueleze kidogo. Unachukua soda ya sabuni, ile kali inayokuja kama mawe meupe, unaitia ndani ya maji. Maji yanachemka yenyewe bila moto, yanatoa moshi unaochoma pua. Huwezi kuyatumia hivyo. Unayaacha yapoe na kutulia siku nzima, mpaka yanakuwa meupe safi kabisa. Ukiyatazama, ni maji. Hayana rangi, hayana harufu. Kesho yake unayamimina polepole ndani ya mawese yaliyopashwa moto, unakoroga upande mmoja mpaka inakuwa nzito kama uji wa mtoto, ndipo unamwaga ndani ya sanduku la mbao. Ikiganda unakata na waya.

Bibi Esha alikuwa na sheria moja tu, na alimfundisha binti yake kabla ya kumfundisha kukoroga: maji ya soda hayaingii ndani ya nyumba. Yanalala kibandani, ndani ya karai lake, na ubao juu. Hadjara aliishika sheria ile miaka yote, mpaka mwaka ambao ziwa lilipanda.

Mtu wa ufukwe huu hahitaji kuelezwa mwaka 2021. Maji yalikuja taratibu, bila kelele, leo yako kwenye mchanga, kesho kwenye njia, wiki ijayo kwenye mlango wa jirani. Kibanda cha Hadjara kilisimama ndani ya maji siku tatu, halafu siku ya nne hakikuwapo. Karai lilikwenda, ubao ulikwenda, masanduku mawili yalikwenda. Nyumba yao ilibaki kwa sababu ilijengwa juu kidogo. Akaingiza ndani vilivyookoka: bidoni za mawese, mfuko wa soda, sanduku moja la mbao. Akapanga vyote nyuma ya pazia, upande wa jikoni, akasema ni kwa siku chache.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani.

Fahima, mtoto wao wa pekee, aliyepatikana baada ya mimba tatu ambazo hazikukaa, alikuwa na miaka tisa. Siku nyingi alikuwa akifunga mpaka adhuhuri, halafu anapewa chakula. Mwaka ule akasema anataka siku nzima. Baba yake, Bakari, fundi wa kushona nyavu, alicheka. "Wewe unayelia njaa kabla ya saa mbili?" Fahima akaapa. Na kweli, siku ya Alhamisi, alifika mpaka saa kumi bila kulalamika, amelala kwenye mkeka kama samaki aliyeanikwa, anauliza kila mara jua liko wapi.

Kuna desturi hapa kwetu, ijapokuwa haikuandikwa popote. Mtoto akimaliza funga yake ya kwanza nzima, anakalishwa katikati ya mkeka, na mama yake ndiye anayempa maji ya kwanza, kwa mkono wake wa kulia. Watu wote wanangoja. Hakuna anayegusa tende kabla mtoto hajanywa. Wengi wetu tunakumbuka maji yale mpaka leo kuliko siku ya harusi.

Hadjara alikuwa na majagi mawili ya plastiki, yamefanana, aliyanunua pamoja sokoni. Asubuhi ile, kwa kuwa karai lilichukuliwa na ziwa, maji ya soda yaliyotulia aliyachuja ndani ya jagi moja, akalifunika na sahani, akaliweka nyuma ya pazia, kando ya lile la maji ya kunywa. Jioni, umeme hakuna, uji unataka kufurika, sambusa ziko motoni, Consolée ameleta ndizi maana yeye ni Mkatoliki lakini mtoto ni wa mtaa mzima, na adhana ikaanza. Hadjara akanyoosha mkono nyuma ya pazia, akachukua jagi, akamimina kikombe. Akapiga magoti mbele ya binti yake. Akasema bismillahi.

Fahima alimeza mara moja tu.

Sitaandika zaidi juu ya dakika zile. Consolée ndiye aliyembeba mtoto mpaka barabarani, bila viatu, huku anapiga kelele gari lisimame. Hadjara alibaki amepiga magoti na kikombe mkononi. Bakari aliporudi kumchukua alimkuta amechovya kidole ndani ya kikombe, anakisugua na kidole kingine, anasikia utelezi wa soda.

Opitali ya hapa waliwatuma Bujumbura usiku uleule. Mtoto alikaa huko miezi miwili na nusu. Koo ndani lilikuwa limeungua, na lilipopona likajikunja, njia ikawa nyembamba kama ya mrija. Walimwekea sonda tumboni, akawa analishwa kwa huo mpira. Baadaye ikawa kila mwezi, halafu kila miezi mitatu, wanarudi kwa dokta apanue njia. Hadjara alijua barabara ile yote kwa moyo. Gari linapita Magara, wamama wanakimbilia madirishani na samaki walioshikwa kwa mashavu. Linapita Gitaza, harufu ya ndagala inaingia mpaka kwenye nguo. Na Fahima, ambaye hakuweza kumeza hata mate yake vizuri, alikuwa anamvuta mama yake nguo na kunong'ona na sauti yake mpya ya mkwaruzo: "Mama, mununulie Baba ule mukubwa. Ule pale."

Hilo ndilo lililomshinda Hadjara. Mtoto hakumlaumu, wala mara moja. Hata Bakari hakumlaumu. Siku moja wakiwa uani alimwambia mume wake, "Baba Fahima, ungenitukana hata kidogo, ningepata usingizi."

Bakari alikuwa anashona wavu, sindano mdomoni. Akaitoa. "Nikutukane na nini? Wewe unajitukana asubuhi mpaka jioni. Umeniachia nafasi wapi?"

Alitaka mke wake acheke. Hadjara hakucheka. Akaenda kukaa kwenye jiwe la kufulia.

Tangu wakati ule Hadjara alianza kupungua. Simaanishi mwili, ijapokuwa na mwili ulipungua. Sanduku la sabuni aligawa, waya aligawa, akaja kwenye vichanja kuanika ndagala za watu. Akisalimiwa anaitika kwa kope. Kwenye harusi anakaa mlangoni, na picha zikipigwa anatoka. Na kuna jambo ambalo wageni hawakulielewa. Hakumpa mtu maji. Ukienda kwake ukasema una kiu, anakuonyesha mtungi kwa kidevu: "Maji iko pale, jichotee." Wakati wa kunawisha watu mikono kabla ya chakula, kazi ambayo mama mwenye nyumba hapa kwetu hamwachii mtu, alikuwa anaingia ndani na kujifanya anatafuta chumvi. Shemeji zake kutoka Kabonga waliondoka wakasema ana kiburi. Hakujitetea. Nadhani alipenda wamwone hivyo.

Siku moja, baada ya darasa la Ijumaa, alibaki nyuma na Mwalimu Kaoutar. Huyu ni mwalimu wetu wa wanawake, kijana tu, hajafika miaka thelathini, anatufundisha huku ananyonyesha. Hadjara akamuuliza, "Mwalimu, jiwe litaulizwa siku ile?"

"Jiwe gani, mama?"

"Jiwe lolote. Lile ninalofulia. Siku ya hesabu, litasimamishwa liulizwe?"

"Hapana. Wataulizwa watu."

"Basi natamani ningekuwa lile jiwe. Watu wanafulia juu yake, wanaondoka. Halimupi mutu kitu. Mimi nitaulizwa, wewe mama, ulimupa nini mutoto wako? Na nilisema bismillahi, mwalimu. Nilisema bismillahi juu ya kile kikombe."

Mtoto wa Kaoutar akaacha kunyonya, akaanza kulia, naye akamhamishia titi la pili. Mwisho akasema, "Mama Fahima, mimi ni mudogo kwako. Nikikuambia ninajua jibu la yote, nitakuwa nadanganya. Ninachojua, aliyekosea bila kukusudia Mungu hamuandikii kama aliyekusudia. Hilo nimelisoma na ninaliamini. Na kutamani huku kwako, si wewe wa kwanza. Waja wema wa zamani, waliokuwa bora kuliko sisi, kuna waliotamani wangekuwa jani, likaliwa na mbuzi, likaisha. Walisema hivyo kwa kumuogopa Mungu. Lakini walisema, kisha wakainuka. Walikuwa na watu nyumbani."

"Mimi nainuka," Hadjara akasema. "Kila siku nainuka. Ndilo linalonichosha."

Kaoutar akalia. Wakalia wote wawili, na kile kitoto kikawatazama. Hawakumaliza jambo lolote siku ile, ila tangu hapo Kaoutar alikuwa anampitia kila Ijumaa waende pamoja, akisingizia anaogopa mbwa wa kona.

Miaka ikaenda. Sonda ilitolewa. Fahima akajifunza kumeza upya: kwanza uji mwepesi, halafu mzito, halafu ugali uliolainishwa na mchuzi, ndagala zilizotwangwa zikawa unga. Anakunywa kwa namna yake, anainamisha kidevu, anachukua funda dogo, anangoja lipite, anachukua jingine. Kikombe kimoja kinaweza kumchukua muda wa mwingine kumaliza chakula. Shuleni walimwita Bi Harusi, kwa sababu ya kula kwa madaha hivyo. Yeye akawajibu, "Basi nileteeni zawadi." Ana mdomo, huyo mtoto, na ile sauti ya mkwaruzo inafanya kila neno lake lionekane la utani.

Mwaka huu ametimiza miaka kumi na minne. Amekuwa mwanamwali. Kabla ya Ramadhani walikwenda kontrole Bujumbura, koo likapimwe, na Fahima mwenyewe akamuuliza dokta kama anaweza kufunga. Dokta akamuuliza maswali mengi, akasema ajaribu siku moja kwanza, usiku anywe maji ya kutosha, na akijisikia vibaya afungue bila kubishana.

Walipokuwa wanarudi, gari limesimama Magara kungoja abiria, Fahima akasema, "Mama, siku hiyo wewe ndiye utanipa maji."

Hadjara akatazama nje. "Baba yako atakupa."

"Baba hakunizaa."

"Basi Mama Consolée. Yeye ndiye aliyekubeba."

"Mama Consolée nampenda. Lakini nikimpa hiyo kazi atahutubia kwanza, adhana itakwisha, isha itaingia, mimi nakufa na kiu."

Abiria wa mbele akacheka. Hadjara hakucheka. "Fahima," akasema kwa sauti ya chini, "hiyo usiniombe. Niombe kitu kingine chochote."

Gari likaondoka mpaka Minago. Pale mtoto akasema, bila utani safari hii, "Kila mutu ananipa pole, Mama. Miaka mitano, pole, pole. Mimi siko na haja ya pole. Na maji nimekunywa ya Baba, ya infirmière wa opitali, ya shule, ya majirani wote. Ya kwako sijakunywa. Nimehesabu. Hata mara moja. Unafikiri sijui?"

Hadjara alidhani hakuna aliyeona. Kumbe mtoto aliyemficha mkono ndiye aliyekuwa anautazama miaka yote.

Wiki ile Hadjara hakula. Alikwenda kwa Kaoutar mara mbili, akarudi mlangoni bila kuingia. Alimwambia Bakari, "Mukono unatetemeka. Nitamwaga." Bakari akasema, "Mwaga. Maji iko mengi, ziwa zima liko pale." Alimwambia na Consolée, ambaye ana maneno kwa kila jambo. Consolée alimshika tu ule mkono wa kulia, akaukandakanda kama anavyokanda unga, akauachia.

Siku ilipofika, ilikuwa Alhamisi tena, si kwa kupangwa. Hadjara alitoka na ndoo asubuhi, akachota maji ya bomba mwenyewe, akayachemsha, akayaacha yapoe mbele ya macho yake. Hakutoka nyumbani kutwa. Ndani mwao soda haikuingia tena tangu siku ile, hata sabuni wanatumia ya dukani, lakini alikaa karibu na sufuria ile kama mtu anayelinda mgonjwa. Saa tisa aliingiza kidole, akakisugua na kingine. Saa kumi tena. Saa kumi na moja tena. Fahima, amelala kwenye mkeka midomo imekauka, akamwambia, "Mama, utayamaliza kwa kuyaonja na vidole."

"Lala."

"Jua liko wapi?"

"Lala, nimesema."

Bakari akaja, Consolée akaja na Anastasie, Kaoutar akaja na mwanawe mgongoni, na mimi nikaja. Hakuna aliyealikwa. Tukakaa pembeni. Adhana ilipoanza, Hadjara alichota kikombe kimoja. Maji mengine yakamwagika kwenye mkeka, kama alivyosema. Akapiga magoti. Akasema bismillahi, na sauti ikakatika katikati, akaanza tena mpaka akaimaliza.

Kisha akanywa yeye.

Alikuwa amefunga pia, kwa hiyo funga yake aliifungua kwa kikombe kile. Akanywa mafunda matatu, akakaa amefumba macho, akingoja kitu kimtokee. Adhana ikaendelea. Hakuna kilichotokea. Yalikuwa maji. Akafumbua macho, akanyoosha mkono wa kulia, akamshikia binti yake kikombe mdomoni.

Fahima akainamisha kidevu. Akachukua funda moja dogo, akangoja lipite. Akachukua la pili. Tulikuwa tunasikia kila funda linavyoshuka. Hakumwambia mama yake aondoe mkono, na mama yake hakuuondoa, akabaki amepiga magoti mpaka goti likafa ganzi, adhana ikaisha, tende hakuna aliyegusa. Kikombe kilipobaki nusu Fahima akapumzika, akasema na ile sauti yake, "Mama, mukono wako unanuka ndagala."

Anastasie ndiye aliyeanza kucheka, halafu Bakari, halafu Hadjara mwenyewe, anacheka na machozi yanadondoka ndani ya kikombe. Fahima akakivuta kikombe. "Usinitilie chumvi," akasema. "Bado sijamaliza."

Nisidanganye kwamba kuanzia siku ile amekuwa mtu mwingine. Sabuni hajarudia, na sijui kama atarudia. Kwenye harusi bado anakaa karibu na mlango. Ila ukienda kwake sasa ukasema una kiu, anainuka. Anakuletea, anasimama mbele yako mpaka unywe, anakutazama koo. Wageni wengine wanaona haya. Mimi hunywa yote.

Katika darasa letu, Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, kila mama hutaja jambo moja analotaka wenzake wamwombee kwa Mungu. Mmoja hutaja ugonjwa wa mumewe, mwingine mtihani wa mwanawe, mwingine mtoto aliyekwenda Zambia asirudi. Hadjara, miaka yote hii, zamu ikimfikia alikuwa anatikisa kichwa, na sisi tunasonga kwa anayefuata. Mwaka huu Kaoutar alipomfikia, naye akataka kusonga kama kawaida, Hadjara alimgusa goti.

"Ngoja, mwalimu. Mimi niko na ombi," akasema. "Niombeeni umri. Mutoto wangu anakunywa polepole."